Lisemwalo Lipo Wapi?

Mwishoni mwa muhula uliopita aliingia ofisini kwangu mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mkononi ameshika rasimu ya utafiti wake, kurasa 46, bado ina joto la mashine ya steshenari iliyo nje ya geti letu. Utafiti ulihusu historia ya makazi na ardhi wilayani Karatu, alikozaliwa. Kijana mwenyewe ni Mwiraqw, msikivu, mwenye bidii, na kazi yake ilikuwa imepangika kuliko nyingi nilizosoma mwaka huu. Katika ukurasa wa 4 aliandika, bila kusita hata kidogo, kwamba Wairaqw walitoka Iraki, wakashuka kupitia Ethiopia, hatimaye wakafika katika nyanda za juu za Mbulu. Sentensi hiyo ilifuatwa na mabano yenye majina matano ya waandishi na miaka mitano. Nukta mkato zilikaa mahali pake. Alfabeti ilifuatwa. Kwa mizani ya mwongozo wetu wa uandishi, mabano yale hayakuwa na dosari.

Nikamwuliza: "Kati ya hawa watano, umemsoma nani?"

Akanyamaza, kisha akasema: "Mmoja, Mwalimu."

"Na hawa wanne wametoka wapi?"

"Wamo ndani ya huyo mmoja."

Halafu, kama mtu aliyebanwa ukutani, akatoa hoja aliyoamini ingemaliza mjadala: "Lakini, Mwalimu, jambo hili linajulikana na kila mtu. Hata babu yangu anasema hivyo."

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri kwa mtu anayetaka kujihadhari na tetesi za mtaani. Kwa mtafiti ni sumu. Kazi ya mtafiti huanza pale anapoikatiza methali hiyo katikati na kuuliza: lipo wapi? Nani aliliona? Aliliona lini? Alimwambia nani, na huyo aliyeambiwa aliliandika vipi?

Sikumkata alama siku hiyo. Nilifunga mlango, nikamvutia kiti, tukaanza kuwafuata wale mashahidi wake watano mmoja baada ya mwingine. Wawili tuliwapata maktaba, wawili tuliwapata kwenye kompyuta, na mmoja alitufikia siku mbili baadaye kwa hisani ya rafiki yangu aliye chuo kingine. Matokeo yalikuwa haya. Wa kwanza alikuwa amemtaja wa pili. Wa pili hakumtaja mtu yeyote. Aliandika tu kwamba jambo hilo "hufahamika". Wa tatu na wa nne nao walikuwa wamemnukuu huyo huyo wa pili. Wa tano, tulipomfungua, hakuwa amesema hivyo hata kidogo. Aliandika kwamba wapo watu wanaodhani hivyo, na kwamba yeye hana hakika. Mashahidi watano wakawa shahidi mmoja, na huyo mmoja hakuwepo kwenye tukio.

Yapo maandishi ambayo yangemwokoa kijana huyu tangu mwanzo. Mwaka 1998 mwanaanthropolojia wa Kinorwe, Ole Bjørn Rekdal, ambaye alifanya utafiti miongoni mwa Wairaqw, alichapisha katika jarida la Ethnology makala juu ya jambo hili hili. Kichwa chake kinaweza kuelezwa kwa Kiswahili kuwa ni namna dhana inavyogeuka kuwa ngano, na ngano anayoizungumzia ni hiyo ya asili ya Iraki. Kinachojulikana kwa uthabiti ni kwamba Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, ndugu ya Kigorowa na Kiburunge, na kwamba jamaa zake wengine wa mbali wanapatikana katika Pembe ya Afrika. Kufanana kwa majina mawili si nasaba. Hata hivyo, dhana iliyorudiwa na mtu mwenye digrii, kisha ikarudiwa na mwingine aliyemwamini wa kwanza, huvaa joho la ukweli, na baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka kwamba hapo mwanzo ilikuwa ni kubahatisha.

Nimelisimulia tukio hili kwa urefu kwa sababu nimechoka na namna tunavyoifundisha mada ya marejeo katika vyuo vyetu. Tunaifundisha kama adabu ya mezani: kijiko kikae kulia, uma ukae kushoto, mwaka uingie ndani ya mabano, jina la kitabu lilale kwa mlazo. Mwanafunzi akikosea nukta tunamkaripia. Akinakili aya nzima, programu ya kukagua ufanano humkamata, naye huitwa mbele ya kamati. Lakini yule aliyetaja vitabu 30 ambavyo hajavifungua, huyo hupita salama, na mara nyingine husifiwa kwamba "amesoma sana".

Hapa kuna makosa mawili tofauti ambayo tumezoea kuyachanganya. La kwanza ni wizi: kuchukua maneno au wazo la mtu bila kusema ni lake. La pili ni ushahidi wa uongo: kusema nimefika mahali ambapo sikufika. Kosa la kwanza lina mashine ya kulikamata. La pili halina mashine, kwa kuwa maneno ni ya mwanafunzi mwenyewe, majina ya vitabu ni ya kweli na mabano yamefungwa vizuri. Kwa maoni yangu, madhara ya kosa la pili ni makubwa zaidi. Mwizi wa maandishi anamdhulumu mwandishi mmoja. Shahidi wa uongo anamdhulumu kila atakayemsoma baada yake, kwa sababu anampa msomaji ramani ya njia ambayo yeye mwenyewe hakuipita.

Rejeo ni ahadi. Ninapoandika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, ninamwambia msomaji: nilifika hapo, nilikuta jambo hili, na wewe ukitaka unaweza kwenda ukakuta hilo hilo. Hayo mengine yote, mabano, mlazo na nukta mkato, ni vibao vya barabarani vya kumsaidia asipotee. Vibao vina umuhimu wake. Lakini kibao kizuri kinachoelekeza kwenye mji usiokuwepo kina hatari kuliko njia isiyo na kibao.

Wapo wanaoniambia kwamba haya ni mambo ya kigeni, kwamba utamaduni wetu ni wa kusimulia na haukujali nani kasema nini. Sikubaliani nao. Mtoto aliyekulia katika madrasa za Pwani yetu anajua kwamba hadithi ya Mtume hainukuliwi kienyeji. Wanazuoni wa fani hiyo waliigawa kila hadithi sehemu mbili: isnadi, yaani mnyororo wa wasimulizi, fulani kamsikia fulani aliyemsikia fulani, na matini, yaani maneno yenyewe. Mnyororo ukikatika, au kiungo kimoja kikiwa cha mtu asiyeaminika, hadithi hudhoofika hata kama maneno yake yanapendeza. Wanazuoni hao walichunguza kama msimulizi aliishi zama moja na yule anayedai kumsikia, kama kumbukumbu yake ilikuwa nzuri, kama alijulikana kwa ukweli. Karne nyingi kabla ya mwongozo wowote wa uandishi kuchapishwa Marekani, watu walikuwa wakiuliza swali nililomwuliza kijana wangu.

Tazama sasa kichekesho cha lugha yetu. Neno matini tumelichukua, tukaliingiza katika isimu na uhakiki wa fasihi, na leo hakuna mhadhiri wa Kiswahili anayeweza kumaliza kipindi bila kulitamka. Isnadi tumeiacha msikitini. Tumebaki na maneno, tumeutupa mnyororo.

Ningekuwa mnafiki kama ningeishia kuwanyooshea kidole wanafunzi. Kosa la ukurasa wa 4 nimelitenda mimi mwenyewe, tena kwa maandishi yaliyochapishwa. Katika makala yangu ya kwanza, miaka mingi iliyopita, nilijadili desturi za ndoa katika miji ya mwambao, nikaweka rejeo la kitabu cha Kijerumani: Velten, 1903, pamoja na namba ya ukurasa. Kitabu hicho sikuwa nimekiona kwa macho yangu. Rejeo lile nililiokota katika tanbihi ya msomi mwingine, nikalihamishia kwangu kama mtu anayehamisha mche wa jirani usiku. Lilipendeza. Lilinifanya nionekane nimesoma vitabu adimu vya Ulaya.

Baada ya miaka kadhaa mkutubi mmoja mstaafu, mtu mpole asiyepandisha sauti, alinijia baada ya mhadhara akaniomba nimwazime kitabu hicho. Nikababaika. Akatabasamu, akaniuliza kama najua ni nani aliyekiandika. Nikasema Velten. Akatikisa kichwa.

Ukweli ni huu. Carl Velten alikuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, naye ndiye aliyekusanya na kukichapisha mjini Göttingen mwaka 1903 kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Lakini sehemu kubwa ya kitabu kile, maelezo ya ndoa, mazishi, ngoma, chuo, biashara na safari, ni kazi ya mikono ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili huko huko Berlin. Ni Mswahili aliyeandika juu ya watu wake kwa lugha yake. Tafsiri ya Kiingereza iliyoandaliwa na J. W. T. Allen na kutoka mwaka 1981 ililiweka jina la Mtoro mahali linapostahili, ndani ya kichwa cha kitabu. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, na hata baada ya hapo, wako waliomtaja mhariri wakamsahau mwandishi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimfuta mtu wa Bagamoyo kwa kalamu yangu mwenyewe, nami nikijiita msomi wa historia ya Waafrika.

Kama ningekifungua kitabu, ningemkuta. Hiyo ndiyo adhabu ya kutaja usichokisoma: unarithi upofu wa yule uliyemwiga.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni akina Mtoro wangapi tunaowafuta kila mwaka katika tasnifu zetu. Mwanafunzi anakwenda kijijini, anakaa siku mbili barazani kwa bibi mmoja anayezijua dawa zote za bonde lile, au kwa mzee anayekumbuka mipaka ya ardhi tangu kabla ya Operesheni Vijiji. Anarudi chuoni, anaandika: "mtoa taarifa mmoja alieleza." Kisha aya inayofuata anamtaja kwa jina, mwaka na ukurasa profesa wa ng'ambo ambaye alisema jambo hilo hilo baada ya kukaa katika baraza kama lile lile. Naelewa kwamba maadili ya utafiti hutulazimu wakati mwingine kuficha majina ili watu wasidhurike, na sharti hilo lazima liheshimiwe. Lakini mara ngapi tumemwuliza yule bibi kama anataka jina lake litajwe? Wengi wangefurahi. Maarifa ni mali yao, na jina ni haki yao. Rejeo la mazungumzo, lenye jina la mtu kwa ridhaa yake, mahali na tarehe, ni rejeo kamili. Linasema: huyu naye ni mwenye kauli.

Najua pingamizi litakalotoka kwa wanafunzi, na ni pingamizi la haki. Watasema: Mwalimu, vitabu hivyo havipo. Maktaba ina nakala moja, nayo imeazimwa na mhadhiri tangu mwaka juzi. Makala kwenye intaneti zinauzwa kwa dola, na fedha ya mkopo haifiki mwisho wa mwezi. Yote hayo ni kweli. Umaskini wa maktaba zetu ni aibu ya umma, na hautaondolewa kwa kumwadhibu mwanafunzi. Ila umaskini huo una njia yake ya uaminifu, na njia hiyo haina gharama. Ikiwa umemsoma Velten ndani ya kitabu cha mtu mwingine, andika hivyo hivyo: Velten, kama alivyonukuliwa na fulani, na umtaje huyo fulani pamoja na ukurasa wake. Maneno matatu tu, "kama alivyonukuliwa na", yanakutoa katika uongo na kukuingiza katika ukweli. Msomaji atajua mkono wako umefika wapi. Kukosa kitabu si dhambi. Dhambi ni kujifanya unacho.

Pingamizi la pili linatuhusu sisi walimu. Mwanafunzi anajifunzia wapi kutotaja vyanzo? Anajifunzia kwetu. Tunaingia darasani na slaidi 40 zisizo na chanzo hata kimoja. Tunagawa madesa ambayo mwaka wake wa kuandikwa haujulikani wala mwandishi wake hajulikani, yanarudufiwa kizazi hata kizazi mpaka herufi zimefifia, kisha tunashangaa kwamba wanafunzi wanadesa. Wapo pia, na tuseme ukweli huu bila kumtaja mtu, wasimamizi ambao data ya mwanafunzi wa uzamili huonekana baadaye katika makala zao huku jina la mwanafunzi likiwa limebaki katika shukrani, au halipo kabisa. Mwalimu wa namna hiyo hana mdomo wa kumhubiria mtu juu ya wizi wa kitaaluma.

Kuna wanaodhani kwamba haya ni mambo madogo ya chuoni, yasiyogusa siasa. Ulaya wamekwisha kuona kinyume chake. Machi 2011 Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba tasnifu yake ya uzamivu ilijaa maandishi ya watu wengine yasiyotajwa. Raia wa kawaida ndio waliokaa wakailinganisha ukurasa kwa ukurasa. Aprili 2012 Rais wa Hungaria, Pál Schmitt, aliachia ngazi kwa sababu ya aina hiyo hiyo, siku chache baada ya kuvuliwa shahada yake. Februari 2013 Ujerumani ilimpoteza waziri wa pili, Annette Schavan, kwa tasnifu aliyoiandika mwaka 1980. Naye, kwa mzaha wa historia, alikuwa Waziri wa Elimu. Siwatukuzi Wazungu kwa hilo, maana udanganyifu kwao ulikuwepo na ulipita mbele ya macho ya maprofesa wao. Ninachokiona ni kwamba huko, ukurasa wa tasnifu una uzito wa kumwangusha waziri. Je, kwetu ukurasa una uzito gani?

Na sasa limeongezeka jambo jipya. Programu za akili mnemba zinaweza kumtungia mwanafunzi orodha ya marejeo 20 kwa muda wa kupiga chafya: majina yanayofanana na ya kweli, majarida yenye sauti ya kisomi, miaka na kurasa, na baadhi yake hayajawahi kuwepo duniani. Juni 2023 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zilizotaja hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Walizipata kwa ChatGPT, wakaziwasilisha bila kuzitafuta. Tofauti kati ya mawakili wale na kijana wangu wa Karatu ni ndogo kuliko tunavyopenda kuamini. Wote waliyaamini mabano. Mashine haikuleta ugonjwa huu. Ilikuta mwili umekwisha kudhoofika.

Ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, msidhani mmesalimika. Mwanafunzi wa leo ndiye ofisa mipango wa kesho. Ataketi katika halmashauri na kuandaa taarifa itakayoamua zahanati ijengwe kata ipi. Kama chuoni alizoea kuandika "wataalamu wanasema", ofisini ataandika "inakadiriwa kuwa". Nani amekadiria? Kwa njia gani? Lini? Nimesoma taarifa nyingi za ofisi ambazo takwimu zake hazina mama wala baba. Chukua mfano ulio mwepesi kabisa. Tanzania ina watu 61,741,120. Idadi hiyo ni sahihi kama ukisema ni ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022. Ukiondoa maneno hayo, sentensi hiyo hiyo inazeeka kila siku, na mtu atakayeinakili miaka kumi baadaye, pamoja na aliyemnakili yeye, watagawa madawati na dawa kwa watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Namba ilikuwa ya kweli. Iligeuka uongo kwa kukatwa mnyororo wake.

Na ninyi wanaharakati, mnajua vizuri kuliko mimi kwamba takwimu ni uwanja wa mapambano. Marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Takwimu yaliweka adhabu ya jinai kwa anayesambaza takwimu za kuzipinga zile rasmi, kabla ya kulegezwa mwaka 2019 baada ya malalamiko ya ndani na nje. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya sheria hiyo. Mimi yangu nimekwisha kuyasema mara nyingi. Lakini funzo lake kwa anayesema kweli mbele ya wenye nguvu ni moja: ngao yake ya kwanza ni chanzo chake. Anayesimama na namba isiyo na asili amempa mpinzani wake ushindi wa bure, kwa kuwa mjadala utahama kutoka kwenye shida ya wananchi na kwenda kwenye uzembe wake.

Nifanye nini basi, zaidi ya kulalamika? Katika darasa langu nimebadili mambo manne. Kwanza, nimepunguza idadi. Sitaki tena marejeo 30. Nataka 8 ambayo mwanafunzi anaweza kuyatetea akiwa amefumba macho. Pili, kila mmoja hunipa rejeo moja nitakalolichagua mimi, naye hukaa mbele yangu dakika kumi akanieleza mwandishi alisema nini, kwa ushahidi gani, na wapi yeye hakubaliani naye. Dakika hizo kumi zinafichua kuliko mashine yoyote. Darasa likiwa kubwa, tunapiga kura, na hofu ya kura inatosha kuwafungulisha watu vitabu. Tatu, kila penye dai zito nataka ukurasa, hata kama mtindo wa uandishi hauulazimishi, kwa sababu mwaka peke yake ni kama kumwambia mgeni kwamba nyumba yangu iko Dar es Salaam. Nne, slaidi zangu mwenyewe sasa zina vyanzo, na mwanafunzi anayegundua kosa katika mojawapo hupata alama. Mwaka huu wamegundua saba. Nimeona aibu mara saba, na nimejifunza mara saba.

Ofisi za umma zinaweza kuanza na jambo moja tu: mkurugenzi akatae kutia saini taarifa yoyote yenye takwimu isiyo na chanzo na mwaka. Haihitaji bajeti, semina wala posho.

Nirudi kwa kijana wangu. Nilimwagiza afanye jambo moja la mwisho: ampigie simu babu yake, amwulize kwa heshima habari ile ya Iraki aliisikia kwa nani. Alirudi baada ya wiki moja, uso wake una mchanganyiko wa haya na furaha. Babu alicheka sana. Alisema habari ile hakuipata kwa baba yake. Aliipata shuleni, kwa mwalimu, na mwalimu alisema imo kitabuni. Mzunguko ukatimia: kitabu kilimfundisha babu, babu akamfundisha mjukuu, mjukuu akamleta babu kama shahidi wa kitabu. Lakini babu hakuishia hapo. Kwa kuwa aliulizwa, alianza kueleza kile alichokipokea kwa baba yake mwenyewe: jinsi watu wake walivyoondoka Kainam baada ya ardhi kuwa finyu, familia gani ilitangulia kushuka Karatu, na nani alifyeka wapi. Simu ilikatika mara tatu kwa kuishiwa salio. Kijana akaomba nauli, akaenda.

Ukurasa wa 4 sasa umebadilika. Mabano yenye majina matano hayapo. Yamebaki majina mawili ya waandishi aliowasoma kwa macho yake, na baada yao, kwa ridhaa ya mwenyewe, jina kamili la mzee mmoja wa Karatu, mahali walipozungumza, na tarehe. Nimeyasoma marejeo hayo matatu mara kadhaa. Yote matatu nikiyafuata, nafika.